Nondo wa Blue Mountains na DDT ya mwaka 1974: uchambuzi wa kisa cha uamuzi uliofika msimu wa mwisho

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea kati ya mwaka 1972 na 1974 katika Blue Mountains, safu ya milima iliyoko kaskazini mashariki mwa jimbo la Oregon na kusini mashariki mwa jimbo la Washington, nchini Marekani. Majina ya wamiliki wa misitu, wafugaji, maofisa na vitongoji yameondolewa, pamoja na maelezo yoyote yanayoweza kumtambulisha mtu mmoja mmoja. Taasisi mbili za serikali zimebaki na majina yao kwa sababu kisa chote ni mvutano wa majukumu yao ya kisheria: Idara ya Misitu, iliyotakiwa kuulinda msitu, na Shirika la Kulinda Mazingira, lililokuwa limetoka kupiga marufuku DDT, sumu ya kuua wadudu ambayo Idara ya Misitu iliitaka. Nimekichagua kwa kuwa kinaonyesha vizuri tatizo ambalo wataalamu wa misitu hukutana nalo popote penye mlipuko wa wadudu, nalo ni kuamua kama itumike sumu kali dhidi ya mlipuko ambao huenda umebakiza msimu mmoja tu uishe wenyewe.

Usuli: mdudu na msitu wake

Mdudu anayehusika ni nondo mwenye jina la kisayansi Orgyia pseudotsugata, ambaye viwavi wake hula hasa majani ya miti ya aina mbili ya jamii pana ya misonobari: mti wa Douglas na mti wa firi. Kiwavi aliyekomaa hutambulika kwa vishungi vinne vya nywele fupi mgongoni, vishungi viwili virefu vyeusi kichwani mithili ya pembe, na kimoja mkiani. Nywele hizo huwasha ngozi na kuchokoza mapafu, hivyo wakataji miti na watafiti waliofanya kazi katika maeneo yenye viwavi wengi walipata vipele na kubanwa pumzi.

Jike hawezi kuruka. Akitoka kwenye kifukofuko hukaa juu yake, humvuta dume kwa harufu, kisha hutaga mamia ya mayai papo hapo na kuyafunika kwa povu linaloganda likiwa limechanganyika na nywele za mwili wake. Mayai hupitisha majira yote ya baridi yakiwa mtini, na viwavi huanguliwa mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni, wakati machipukizi mapya yanapofunguka. Mtawanyiko unaofanyika ni wa viwavi wachanga, ambao hujining'iniza kwenye uzi wa hariri na kupeperushwa na upepo, na wengi wao hawafiki mbali. Jambo hili lina uzito katika uamuzi wowote wa kunyunyizia dawa. Mlipuko wa nondo huyu hausambai kutoka kitovu kimoja kama moto wa nyika. Huibuka karibu wakati mmoja katika vilima vingi ambavyo idadi ya wadudu imekuwa ikipanda kimyakimya kwa miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo hakuna mpaka ambao mtu anaweza kuulinda akaokoa msitu ulio nyuma yake.

Madhara kwa mti nayo yanahitaji kueleweka. Mti wa majani mapana ukiliwa majani yote unaweza kuchipua tena msimu uleule, lakini firi na Douglas hubeba majani membamba kama sindano yanayodumu kwa miaka kadhaa, na sindano hizo ndizo akiba ya mti. Viwavi huanza na sindano changa, na zikiisha huhamia kwenye za miaka iliyotangulia. Mti uliopukutishwa wote kwa kawaida hufa. Uliopukutishwa nusu hupona mara nyingi, ingawa kilele chake kinaweza kukauka, na katika miaka inayofuata huwa windo rahisi la mbawakawa wanaotoboa magome.

Kuhusu msitu wenyewe, inafaa kukumbuka kwamba miteremko mingi ya Blue Mountains haikuwa na firi nyingi kiasi hicho hapo kale. Moto mdogo wa ardhini ulikuwa ukipita kila baada ya miaka michache na kuua miche ya firi, huku misonobari ya ponderosa yenye magome manene ikinusurika. Uzimaji wa moto uliopangwa katika karne ya 20, pamoja na ukataji uliochagua misonobari mikubwa yenye thamani, uliiachia firi nafasi hata kwenye vilele vikavu vyenye udongo mfupi, mahali ambapo mti huo huishi kwa shida.

Kitu cha mwisho katika usuli ni kumbukumbu za wahusika. Mwaka 1947, kaskazini mwa Idaho, mlipuko wa nondo huyuhuyu ulinyunyiziwa DDT kutoka angani katika eneo la takriban ekari 400,000, na mwaka 1965 dawa hiyohiyo ikatumika tena karibu na Burns, Oregon. Mara zote mbili mlipuko uliisha. Miongoni mwa wataalamu wa misitu wa ukanda huo, basi, DDT ilikuwa dawa iliyothibitishwa, na waliokuwa kazini mwaka 1972 waliirithi imani hiyo pamoja na vyeo vyao.

Mfuatano wa matukio

Katika kiangazi cha 1972 marubani na walinzi wa misitu waliona vilele vikigeuka rangi ya kahawia. Hiyo ndiyo iliyokuwa ishara ya kwanza kwa wengi, nayo ni ishara ya kuchelewa, maana mpaka rangi ionekane kutoka angani, viwavi huwa wamekwisha kula na mayai ya mwaka unaofuata yako karibu kutagwa.

Juni ya mwaka huohuo, Shirika la Kulinda Mazingira lilifuta matumizi karibu yote ya DDT nchini Marekani, na amri hiyo ilianza kutekelezwa mwishoni mwa Desemba 1972. Mlango wa dharura uliachwa wazi kidogo, na Idara ya Misitu ikaugonga. Ombi la kunyunyizia DDT katika msimu wa 1973 lilikataliwa mwezi Aprili mwaka huo.

Kiangazi cha 1973 kikawa kibaya. Eneo lililopukutishwa katika Oregon, Washington na Idaho lilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya ekari, na miteremko mizima ikaonekana kama iliyoungua. Wamiliki binafsi walianza kukata na kuuza miti iliyoharibika kabla mbao hazijaoza. Shinikizo la kisiasa likapanda, vikao vya hadhara vikafanyika, na mwezi Februari 1974 Shirika la Kulinda Mazingira likaruhusu DDT itumike kwa masharti. Kati ya Juni na Julai 1974 ndege na helikopta zilinyunyizia takriban ekari 426,000, yaani hekta zipatazo 172,000, kwa kipimo cha robo tatu ya ratili kwa ekari. Mwaka huohuo mlipuko ukaporomoka.

Uamuzi wa 1973 na sababu zake

Waliokataa ombi la 1973 hawakukataa kwa ajili ya sera peke yake. Walitegemea hoja ya kibiolojia ambayo ilikuwa sahihi: milipuko ya nondo huyu haidumu. Kwa kawaida huisha katika mwaka wa tatu au wa nne, na kinachoimaliza zaidi ya kingine ni ugonjwa wa virusi. Kiwavi akila sindano yenye chembe za kirusi, gamba la chembe hizo huyeyuka tumboni, kirusi huzaliana ndani ya seli, na hatimaye mwili wote hulainika, hupasuka na kumwaga mamilioni ya chembe mpya juu ya matawi yaliyo chini. Nywele na povu linalofunika mayai huchafuliwa pia, hivyo viwavi wa msimu ujao huweza kuambukizwa siku ileile wanayotafuna njia ya kutokea. Katika udongo wa msitu kirusi hicho hudumu kwa miongo kadhaa. Matarajio yalikuwa kwamba ugonjwa ungesambaa mwaka 1973 na kuifanya DDT isiwe na kazi.

Ulisambaa kweli, lakini si kwa kiwango hicho, na si katika mwaka huo kwa sehemu kubwa ya eneo. Utabiri ulikuwa sahihi kuhusu mwisho na ukakosea kuhusu tarehe, kwa msimu mmoja. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa kosa dogo, ila kwa mti wa firi msimu mmoja ndio tofauti kati ya kupukutika nusu na kupukutika wote.

Kwa maoni yangu, udhaifu wa uamuzi huu hauko kwenye jibu lililotolewa. Uko kwenye kutokuwapo kwa kipimo. Swali la kujibiwa lilikuwa jepesi kulitamka: ni mayai mangapi katika kila mteremko yaliyobeba kirusi? Lingejibika kwa kukusanya mayai wakati wa baridi, kuyaangulia maabara na kuhesabu viwavi wanaokufa kwa ugonjwa, kazi isiyohitaji ndege wala sheria mpya. Badala yake wahusika walijadili uwezekano wa ugonjwa kwa eneo zima, huku upande mmoja ukisema utakuja na mwingine ukisema hautakuja kwa wakati, na pande zote mbili zikiwa na haki ya kusema hivyo kwa kuwa hapakuwa na takwimu za kutosha za kumkosoa yeyote. Kutowiana kwa hasara pia hakukuwekwa wazi. Aliyekataa, kama angekosea, hasara ingemwangukia mwenye msitu. Aliyeruhusu, kama angekosea, hasara ingeangukia ndege, samaki na walaji wa nyama, na ingeonekana baada ya miaka. Hasara hizo mbili hazipimwi kwa mizani moja, na maamuzi ya namna hii huharibika zaidi pale kila upande unapodai kuwa mizani yake ndiyo pekee.

Ni vyema kuongeza kwamba mlango wa dharura haukuwa wa mapambo tu. Katika majira yaleyale ya kuchipua ya 1973, Shirika hilohilo liliruhusu DDT itumike kwa muda dhidi ya mdudu mla majani wa njegere katika Washington na Idaho. Wenye misitu waliona hapo upendeleo. Tofauti, hata hivyo, ilikuwa kwamba upande wa njegere hapakuwa na ugonjwa wa asili wa kutumainiwa.

Uamuzi wa 1974

Kufikia Februari 1974 hoja zilikuwa zimebadilika. Vibadala vya DDT, zikiwemo sumu za Zectran na karbaril, bakteria wa Bt wanaoua viwavi, na kirusi chenyewe kilichozalishwa maabara, vilikuwa bado majaribioni, na hakuna aliyeweza kuahidi kwamba kimojawapo kingefanya kazi juu ya mamia ya maelfu ya ekari za milima. Kiangazi cha 1973 kilikuwa kimeondoa imani ya umma kwamba maumbile yangejirekebisha kwa wakati. Hivyo ruhusa ilitolewa, lakini ikiwa na masharti: kufuatilia mabaki ya sumu katika maji, wanyama na mifugo, kuendesha utafiti wa vibadala, na kuangalia kiwango cha ugonjwa kabla ya kunyunyizia.

Sharti hilo la mwisho ndilo sehemu bora ya kisa hiki. Mayai yalikusanywa na kupimwa, na pale ugonjwa ulipokutwa mwingi, mteremko uliondolewa kwenye mpango. Eneo lililonyunyiziwa hatimaye likawa dogo kuliko lililoombewa. Kwa maneno mengine, kipimo ambacho kingeupa uamuzi wa 1973 msingi kilitumika mwaka mmoja baadaye, tena kama sharti lililoambatanishwa na ruhusa, wakati kilistahili kuwa ndicho kinachoamua kama ruhusa inahitajika.

Utekelezaji ulikwenda kwa uangalifu. Katika milima, mayai ya bondeni huanguliwa siku nyingi kabla ya yale ya kileleni, kwa hiyo ratiba ya ndege ilifuata mwinuko: kila mteremko ulisubiriwa mpaka viwavi wamekwisha kuanguliwa na machipukizi yamefunguka ya kutosha kuishika dawa. Kunyunyizia mapema kungewaacha hai waliokuwa bado ndani ya mayai, na kuchelewa kungeokoa msitu ambao tayari umeliwa.

Matokeo

Ndani ya maeneo yaliyonyunyiziwa viwavi walikufa kwa wingi mapema katika msimu, na sindano nyingi za mwaka huo zilisalimika. Katika maeneo yasiyonyunyiziwa viwavi walikufa pia, kwa ugonjwa, lakini wengi wao mwishoni mwa ukuaji, baada ya kula. Mwaka 1975 mlipuko haukuwapo pande zote mbili.

Gharama ya kimazingira ilipimika. Watafiti waliowafuatilia ndege wawindaji, hasa kozi wadogo wanaokula panzi na panya, walikuta mabaki ya DDT yakiongezeka miilini na katika mayai yao baada ya unyunyiziaji. Mifugo iliyolisha ndani ya misitu hiyo nayo ilibeba mabaki katika mafuta ya mwili, na baadhi ya wafugaji ilibidi wasubiri viwango vishuke kabla ya kuuza. Hao hawakuwa na miti ya kuokolewa, na sioni kwamba walihesabiwa ipasavyo wakati faida na hasara zilipokuwa zikipangwa mezani.

Kuhusu miti, ukaguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha picha isiyo mbaya kama ya Agosti 1973. Vifo vilikusanyika katika viraka vilivyopukutishwa karibu vyote, na miti mingi iliyoonekana imekufa kutoka angani ilichipua tena. Iliyosalia, ikiwa imepata nafasi zaidi na mbolea ya vinyesi vya viwavi, iliongeza unene kwa kasi kuliko kabla ya mlipuko. Waliokimbilia kukata mwaka 1973 kwa kuiangalia rangi peke yake walikata miti mingine ambayo ingepona.

Uchambuzi: je, DDT ilimaliza mlipuko?

Jibu la haki ni kwamba haijulikani kwa namna ambayo ingemridhisha mtakwimu, na sababu ni jinsi kazi ilivyopangwa. Maeneo ya kunyunyizia yalichaguliwa kwa sababu yalikuwa na viwavi wengi na ugonjwa mdogo. Maeneo yaliyoachwa yaliachwa kwa sababu ya kinyume chake. Ukilinganisha makundi mawili yaliyotofautiana tangu mwanzo, huwezi kuugawa mwisho wa mlipuko kati ya dawa na ugonjwa. Miteremko michache yenye hali sawa ingeweza kuachwa kwa kura bila dawa, na hasara yake ingekuwa ndogo mbele ya ekari 426,000. Haikufanyika kwa kiwango hicho, kwa kuwa katika hali ya dharura hakuna ofisa anayependa kumweleza mwenye msitu kwamba kilima chake kimeachwa kwa ajili ya elimu.

Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kidogo zaidi, lakini kina manufaa. DDT iliokoa sindano za mwaka mmoja mahali iliponyunyiziwa. Haikuufupisha mlipuko kwa miaka, kwa sababu mlipuko haukuwa na miaka iliyobaki. Pia ushahidi wa zamani wa 1947 na 1965, uliowapa watu imani kubwa kiasi kile, ulikuwa na kasoro hiyohiyo: mara nyingi dawa huombwa wakati uharibifu umeonekana kwa kila mtu, na wakati huo huwa ni mwaka wa pili au wa tatu, karibu na mwisho wa kawaida. Dawa yoyote inayonyunyiziwa mwaka huo itaonekana imefaulu, hata maji matupu.

Uchambuzi: kilichokosekana kabla ya 1972

Mvutano wa 1973 na 1974 ulichukua nafasi kubwa katika magazeti, lakini ninaona kwamba kushindwa kukubwa kulitokea miaka miwili kabla yake, wakati nondo walipokuwa wakiongezeka na hakuna aliyekuwa akiwahesabu. Kupanda kutoka idadi ndogo hadi mlipuko huchukua vizazi kadhaa, na kila kizazi ni mwaka mmoja. Katika kipindi hicho ndege, sisimizi na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo hula na kuua sehemu kubwa ya wadudu, na hatua ndogo huweza kutosha. Mara idadi ikishawapita maadui hao, hubaki njaa na ugonjwa.

Pengo hilo ndilo lililozibwa baadaye. Mwaka 1975 harufu ambayo jike humwitia dume ilitambuliwa kikemia, na kufikia mwisho wa muongo ule mitego yenye feromoni hiyo ilikuwa ikiwekwa kila mwaka katika misitu ya magharibi mwa Marekani. Wastani wa madume 25 au zaidi kwa mtego huchukuliwa kuwa ishara ya kwenda kuhesabu viwavi na mayai mtini. Mtego wenyewe hauonyeshi ni mteremko upi utakaoliwa, na watumiaji wapya husahau hilo mara nyingi. Unachotoa ni mwaka mmoja au miwili ya kujiandaa.

Kirusi nacho kilipata nafasi yake. Mwaka 1976 kiuatilifu kilichotengenezwa kwa kirusi hicho cha asili kilisajiliwa rasmi, kikiwa cha kwanza cha aina yake kusajiliwa Marekani kwa matumizi ya misituni. Kinazalishwa kwa kufuga viwavi, kuwaambukiza na kuwasaga, kwa hiyo ni ghali na hakipatikani kwa wingi. Kikinyunyiziwa mapema, wakati viwavi wangali wachanga, huwaletea ugonjwa kabla hawajala sana, na hivyo huuharakisha kwa wiki kadhaa mwisho ambao ungekuja wenyewe. Mwaka 2000, nondo hao walipoongezeka tena kaskazini mashariki mwa Oregon, Idara ya Misitu ilitumia kirusi hicho pasipo DDT.

Uchambuzi: firi kwenye vilele vikavu

Hakuna dawa wala mtego unaogusa chanzo kingine cha milipuko hii, ambacho ni wingi wa firi mahali pasipoifaa. Kupunguza firi, kurudisha misonobari ya ponderosa na kuruhusu moto mdogo unaosimamiwa ni kazi ya miongo, isiyo na mwaka wa dharura wa kuifungulia bajeti, na katika sehemu nyingi za Blue Mountains imefanyika kwa viraka tu. Kwa hiyo nondo wameendelea kurudi katika milima hiyohiyo, mara nyingi baada ya takriban miaka tisa au kumi, na mara nyingi kwenye vilele vilevile vyenye udongo mfupi vilivyogeuka kahawia mwaka 1972.